Leseni ya kituo cha tiba ya uraibu: anza na huduma, jengo baadaye

Wengi hukodi jumba, wakanunua vitanda, ndipo wakaulizia leseni. Huo ni mwendo wa hasara, maana leseni hufuata aina ya huduma. Amua kwanza: ni ushauri nasaha wa mchana tu, ni kulaza watu, au ni kuwavusha kwa dawa wenye arosto, yaani mateso ya mwili baada ya kuacha pombe au dawa za kulevya? Kituo cha kulaza tu hukaguliwa zaidi kama makazi: vyoo, milango ya dharura, vizima moto. Ukigusa arosto umeingia kwenye tiba. Jiandae kuwa na daktari msimamizi, muuguzi usiku na mchana na, kwa kawaida, kibali kingine cha kutunza dawa zinazodhibitiwa kama methadoni, inayotibu uraibu wa heroini.

Jalada la maombi halina maajabu: usajili, mkataba wa pango unaotaja matumizi ya jengo, ripoti za zimamoto na afya, vyeti vya watumishi, mwongozo wa huduma. Kinachoangusha watu ni huo mwongozo, kwa kuwa hunakiliwa kwingine. Kituo cha vitanda 12 kinajipa kamati saba za hospitali kubwa. Mkaguzi akimuuliza muuguzi wa zamu, "Mgonjwa akipata degedege saa nane usiku unafanya nini?", jibu lake ndilo mwongozo wenu halisi.

Na degedege hizo huja kweli. Aliyezoea pombe nyingi akiacha ghafla anaweza kuzipata kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuweweseka kunakoweza kuua hutokea zaidi siku ya 2 hadi ya 4. Kwa hiyo fomu ya mapokezi iulize saa ya kinywaji cha mwisho, kama amewahi kupata degedege, na kama anatumia vidonge vya usingizi. Thiamini (vitamini B1) itangulie dripu ya glukosi. Makubaliano ya rufaa na hospitali yawe ya maandishi, na gari lijulikane ni lipi na dereva ni nani.

Kwa heroini hatari ni nyingine. Buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huo, ikiwahi kabla arosto haijajitokeza wazi, kwa kawaida saa 12 au zaidi tangu dozi ya mwisho, huileta arosto kali papo hapo. Methadoni siku ya kwanza huwa miligramu 20 hadi 30, jumla isizidi 40. Hujilimbikiza mwilini, na anayepandisha dozi haraka anaweza kumpoteza mgonjwa siku chache baadaye, akiwa amelala.

Daftari la dawa hizo liwe la kushonwa, lenye kurasa zenye namba: tarehe, saa, jina, dozi, salio, saini mbili. Hesabuni kila zamu inapobadilishana. Daftari linasema 14, kabatini mna 13? Usirekebishe namba ili zilingane. Andika mstari mpya wa upungufu, sainini wawili, msimamizi ajulishwe usiku huohuo. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyejaza mistari mitano kwa kumbukumbu mwisho wa zamu.

Ithibati ni jambo jingine: leseni inakuruhusu kufungua mlango, ithibati inapima ubora. CARF, kwa mfano, shirika la kimataifa linalotoa ithibati kwa vituo kama hivi, hutaka viwango vyake viwe vimetumika angalau miezi 6 kabla ya ukaguzi, na ithibati yake ndefu ni ya miaka 3. Hivyo anza mapema kutunza kumbukumbu za usimamizi wa washauri, ripoti za matukio na takwimu za wanaomaliza tiba.

Ridhaa isisainiwe na aliyelewa. Irudiwe akishapata fahamu timamu. Kufunga watu minyororo si tiba, hata familia ikiomba. Anayepiga simu kuulizia mgonjwa ajibiwe kwamba kituo hakithibitishi wala hakikanushi.

Siku ya kutoka, mwili umeshasahau dozi ya zamani, na kiasi kilekile alichozoea kinaweza kumuua. Aondoke na naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, mkononi, mtu wa nyumbani akiwa amefundishwa kuitumia, na miadi ya ndani ya siku 7 ikiwa imeandikwa kwenye kadi yake.