SOMO: Wali wa dagaa wa sufuria moja, bila mchanga na bila bokoboko

Naandika hapa mara moja ili nisijibu tena kila jioni. Maswali ninayoletewa ni mawili tu, hubadilika maneno: "mbona dagaa wangu wana mchanga?" na "mbona wali umevurugika?" Majibu yote yamo humu. Soma mpaka mwisho kabla hujauliza.

Chakula hiki kinatosha watu wanne, na ukiwa na mkono mwepesi kinachukua kama saa moja na nusu tangu kuchambua hadi kupakua. Dagaa ninaowasema ni hawa wetu wa Ziwa Victoria, waliokaushwa juani. Dagaa wa Kigoma ni samaki wa aina nyingine, usitumie muda wa kukaanga ulioandikwa hapa.

MAHITAJI

Kikombe ni cha mililita 250. Kama huna, chukua kikombe chochote, ila mchele na maji vipimwe kwa hicho hicho.

Mchele vikombe 2. Dagaa wakavu vikombe 2 vya kujaa. Vitunguu maji 2, nyanya zilizoiva 4, karoti 1, hoho 1. Kitunguu saumu punje 4 na tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba, vitwangwe pamoja. Mafuta vijiko vya chakula 6. Limau nusu. Chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu. Maji ya moto vikombe 3. Pilipili moja nzima, ukipenda.

Sufuria iwe nzito, kitako bapa, na mfuniko wake ukae sawasawa. Sufuria nyembamba itakupa ukoko mweusi chini na mchele mbichi juu.

HATUA

1. Chagua mchele, uoshe mara mbili au tatu, uache kwenye chujio ujichuje. Usiuloweke.

2. Safisha dagaa. Hapa ndipo penye somo lenyewe, soma polepole.

Mchanga hautoki dukani, unatoka ufukweni. Dagaa walioanikwa chini hukauka wakiwa wameshikana na mchanga. Walioanikwa juu ya chanja huwa safi zaidi, na bei yao huwa juu kidogo. Ukiwa Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza, muulize muuzaji walianikwa wapi, kisha chota kiganja kimoja, sugua, utazame kinachobaki mkononi. Dagaa mzuri ana rangi ya fedha na ukimvunja anakatika kwa sauti. Aliyegeuka manjano au kahawia na kunuka mafuta ya zamani, mwache. Hao huwa wengi msimu wa mvua kwa sababu jua halitoshi kuwakausha.

Ukifika nyumbani, weka dagaa kwenye sufuria ile ile, kavu, bila mafuta, moto mdogo, dakika 3. Geuza muda wote. Wakishakauka kabisa, vichwa hukatika kwa vidole bila kazi na mchanga huachia. Toa vichwa pamoja na kile cheusi cha tumboni kinachofuatana navyo, maana uchungu unakaa huko. Pepeta kwenye ungo.

Sasa osha. Maji yawe ya vuguvugu, beseni liwe kubwa. Watumbukize, wazungushe kwa mkono mara chache, kisha WANYANYUE kwa mkono uwaweke chombo kingine. Usimimine beseni lote kwenye chujio. Hilo ndilo kosa nililokuwa nalifanya, na wengi bado wanalifanya: mchanga umeshazama chini ya beseni, wewe unaumwagia tena juu ya dagaa. Nyanyua, mwaga maji, suuza beseni, rudia. Mara tatu kwa kawaida zinatosha. Pitisha kidole chini ya beseni, ukisikia chembe hata moja, osha tena.

Tahadhari mbili. Usitumie maji yanayochemka, ngozi huchanika na dagaa husambaratika ukiwakaanga. Na usiwaache ndani ya maji zaidi ya dakika mbili, wanalainika na hawatakauka tena vizuri. Watandaze kwenye chujio au kitambaa safi dakika 10. Dagaa wenye maji ukiwatia kwenye mafuta ya moto, yanakurukia usoni.

3. Kausha sufuria, tia mafuta vijiko 4, moto wa kati. Kaanga dagaa kwa mafungu mawili, kila fungu dakika 3 hadi 4, mpaka wawe rangi ya dhahabu na ukiwatikisa walie. Watoe kwenye sahani, kamulia limau wakiwa bado wa moto. Limau ukiliweka kabla ya kukaanga linawalowesha tena; ukiliweka sasa linakata shombo na wao wanabaki wakavu.

4. Ongeza mafuta vijiko 2 vilivyobaki. Kaanga vitunguu mpaka viwe dhahabu. Tia saumu na tangawizi, nusu dakika.

5. Tia nyanya zilizokatwa ndogo ndogo na karoti. Hapa usiharakishe. Nyanya zipikwe mpaka maji yake yaishe na mafuta yajitenge pembeni. Nyanya nne zilizoiva zina maji mengi, na yasipokaushwa sasa yatajumlishwa na vile vikombe 3. Bokoboko nyingi zinazaliwa hapa.

6. Tia mchele, geuza dakika 2 upate mafuta. Mimina maji ya moto vikombe 3, chumvi, na pilipili nzima isiyopasuka. Koroga mara moja tu. Baada ya hapo mwiko uweke mbali.

7. Acha ichemke kwa moto wa kati, mfuniko nusu, mpaka maji yaonekane kwenye vishimo vishimo tu juu ya mchele.

8. Tandaza dagaa na hoho juu. Usichanganye. Dagaa wakiingia chini kwenye maji wanavurugika ndani ya wali. Funika vizuri, punguza moto uwe mdogo kabisa, palia makaa machache juu ya mfuniko. Dakika 15.

9. Epua, usifunue kwa dakika 10. Kisha geuza taratibu kutoka pembeni, pakua.

Mchele ukiwa mpya, wa mavuno ya karibuni, anza na maji vikombe 2 na nusu. Mchele mpya haunywi maji kama wa zamani.

MASWALI

Kijana wa Igoma: Maji vikombe vingapi?

Mama Pasiansi: Hatua ya 6.

Mkazi Buzuruga: Nimefuata somo lako jana na umetoka uji. Labda uangalie vipimo vyako vizuri.

Mama Pasiansi: Vipimo nimeviangalia. Mchele uliuloweka? Nyanya zilikauka? Maji ulipima kwa kikombe gani?

Mkazi Buzuruga: Niliuloweka nusu saa kama kawaida. Nyanya niliweka za kopo, maji nilipima kwa bilauri.

Mama Pasiansi: Basi hukufuata somo, ulifuata vitu vitatu vingine. Mchele uliolowekwa umeshakunywa maji. Nyanya ya kopo si kosa, ila ni nzito, vijiko viwili tu vinatosha. Na bilauri nyingi huchukua zaidi ya mililita 250, kwa hiyo kama mchele ulipima kwa kikombe na maji kwa bilauri, umezidisha. Rudia kwa kipimo kimoja bila kuloweka, kisha ulete jibu.

Mwanachuo Malimbe: Shikamoo mama. Nina mtungi mdogo wa gesi na jiko la kichwa kimoja, mkaa sina. Hatua ya 8 nipalie vipi? Nimejaribu kupunguza gesi lakini chini panaungua na juu panabaki na viini.

Mama Pasiansi: Marahaba mwanangu. Swali zuri, wengi wamehamia gesi na wanalaumu mchele. Moto wa mtungi mdogo unapiga sehemu moja tu ya kitako. Maji yakishapungua, hatua ya 8, nyanyua sufuria, weka kikaangio cha chapati juu ya jiko, kisha sufuria juu yake. Kile chuma kinatawanya moto. Kwa kuwa kinachukua muda kupata joto, acha dakika 20 badala ya 15. Juu, funga mfuniko kwa kitambaa safi cha pamba, ncha zake zifungwe juu ya kishikio zisining'inie kwenye moto. Kitambaa kinanyonya mvuke, matone hayarudi kwenye wali, na dagaa wanabaki wakavu. Ukiona bado kuna viini, nyunyizia maji ya moto vijiko vitatu pembeni, funika dakika 5 nyingine.

Mwanachuo Malimbe: Nimeelewa sana. Na ule mfuko wa nailoni watu wanaoufunikia wali?

Mama Pasiansi: Usiutumie. Plastiki isiyotengenezwa kwa joto haipaswi kugusa chakula cha moto wala mvuke wake. Kitambaa kinafanya kazi ile ile.

Jioni Nyegezi: Dagaa lazima waoshwe? Mimi huwa nawakaanga hivyo hivyo.

Mama Pasiansi: Lazima.

Jioni Nyegezi: Wa kwenye pakiti wameandikwa wamesafishwa.

Mama Pasiansi: Waoshe mara moja, upitishe kidole chini ya beseni. Kidole kitakujibu kuliko pakiti.

Baba Wawili: Watoto wangu hawapendi dagaa. Naweza kuweka sangara au sato kwa mtindo huu huu?

Mama Pasiansi: Sangara ndiyo, tena anafaa sana. Chukua mnofu nusu kilo, kata vipande vya ukubwa wa kiberiti, paka chumvi na limau dakika 15, futa maji kwa kitambaa. Mkaange dakika 2 kila upande, apate ngozi tu, asiive ndani, utoe. Endelea na hatua ya 4 bila kuongeza mafuta, sangara ana mafuta yake. Vipande virudi juu ya wali hatua ya 8, vitamalizia kuiva kwa mvuke. Ukimkaanga mpaka aive kabisa kisha umrudishe, anakuwa mgumu kama kamba. Sato ni mtamu zaidi kwangu, lakini miba yake ndani ya wali ni hatari kwa watoto. Sato mpike mzima, pembeni.

Binti Nansio: Mimi nataka kujua kwa nini mafungu mawili kwenye kukaanga. Mafuta ni yale yale.

Mama Pasiansi: Kwa sababu dagaa wote wakiingia kwa pamoja mafuta yanapoa ghafla. Yakipoa, unyevu uliobaki unatoka polepole na dagaa wanachemka badala ya kukaangika, wanakuwa laini na wananyonya mafuta. Fungu likiwa dogo mafuta hayapoi sana. Utaisikia tofauti kwa sikio: yakilia kwa nguvu, sawa, yakinyamaza, umezidisha.

Mgeni wa Tanga: Sisi kwetu tungetia nazi.

Mama Pasiansi: Tia, inapendeza. Maji vikombe 2 na tui jepesi kikombe 1 hatua ya 6. Tui zito nusu kikombe limwage juu kabla tu ya kutandaza dagaa. Ukianza na tui zito litashika chini na kuungua. Mafuta punguza vijiko viwili.

Ngosha wa Magu: Badala ya mchele, michembe inawezekana? Kwetu ipo gunia zima.

Mama Pasiansi: Inawezekana ila mpangilio unageuka, maana michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, vinataka maji mengi na muda mrefu. Ioshe vizuri, nayo ina vumbi. Vikombe 3 vya michembe, maji yaifunike na kupita vidole viwili, chemsha mpaka uma uingie bila kusukuma. Ongeza maji ya moto yakipungua. Kisha karanga za kusaga nusu kikombe zilizokorogwa kwa maji, moto mdogo dakika 10, koroga maana karanga hushika chini. Dagaa wa kukaanga tandaza juu wakati wa kupakua. Nyanya usitie, utamu wa viazi na ukali wa nyanya havielewani.

Binti Nansio: Naongeza hapo, kama ni matobolwa, yale yaliyochemshwa kabla ya kukaushwa, huiva haraka kidogo. Usiyaache bila kuyaangalia.

Mama Pasiansi: Kweli kabisa. Asante, dada.

Kijana wa Igoma: Ukibaki unakaa mpaka kesho?

Mama Pasiansi: Kwenye friji, ukiingizwa mapema kabla haujakaa nje saa mbili nzima, ndiyo. Juu ya meza usiku kucha, hapana. Wali una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemka, na sumu vinayoitoa haiondoki ukipasha moto asubuhi. Kama huna friji, pika kikombe kimoja cha mchele, gawanya kila kitu nusu.

Zamu ya Usiku: Mama, mbona kuna wiki bei ya dagaa inapanda ghafla? Nataka kununua wa mwezi mzima.

Mama Pasiansi: Angalia mbingu. Dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haiwavuti, mitumbwi mingi hupumzika, na sokoni wanapungua. Nunua siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi, zinapofika katikati, wakati mzigo ni mwingi. Kabla ya kuhifadhi, waanike tena jua moja, watie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Usiwaoshe kabla ya kuhifadhi. Vichwa unavyotoa viweke pembeni, ukivisaga ni chakula kizuri cha kuku, ila vipepete mchanga kwanza.