Somo: Kula sikukuu bila kuuguza jino

Somo hili ni la wale wanaopanda gari wiki hii kwenda nyumbani kwa Krismasi, iwe Siaya, Kakamega au Bungoma, ambako kreti za soda zimeshapangwa nyuma ya kochi. Mimi nafanya kazi kliniki ya meno hapa Kisumu. Sina nia ya kumkataza mtu chapati wala keki.

Kwanza tuelewane jino huharibikaje. Ule ukoga unaousikia kwa ulimi asubuhi umejaa bakteria. Ukila sukari nao wanakula, kisha wanatoa asidi inayolainisha gamba gumu la jino kwa muda wa nusu saa au zaidi. Baadaye mate huizimua asidi hiyo na kurudisha madini yaliyotoka. Kwa hiyo jino linajali umekula mara ngapi kuliko umekula kiasi gani. Aliyemaliza soda yake pamoja na wali wa mchana ameyasumbua meno mara moja. Aliyekaa na chupa hiyo hiyo chini ya mwembe tangu saa sita hadi saa kumi, akionja kidogo kidogo, hajayapa mate nafasi ya kufanya kazi. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari kama gramu 32, yaani vijiko vinane vya chai. Hata ile isiyo na sukari bado ni asidi.

Hatua ya 1: Mswaki asubuhi, kabla ya chai. Tumia dawa yenye floraidi, madini yanayoimarisha gamba la jino. Kwenye tyubu tafuta namba kati ya 1000 na 1500 ppm, yaani kipimo cha floraidi iliyomo. Ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji mengi, maana utaitoa floraidi yote.

Hatua ya 2: Vitamu viende na chakula. Keki, soda na peremende ziliwe wakati wa mlo, halafu mdomo upumzike. Kati ya mlo na mlo kuna maji, njugu karanga za kuchoma na maziwa lala yasiyotiwa sukari.

Hatua ya 3: Ukimaliza kula, kunywa maji. Usikimbilie mswaki papo hapo baada ya soda au juisi ya machungwa, kwa sababu gamba bado ni laini na utalikwangua. Subiri nusu saa hadi saa moja.

Hatua ya 4: Tafuta kifungua chupa. Kila boma lina mjomba anayefungua soda kwa gego huku watoto wakimshangilia. Mjomba huyu tunamjua sana kliniki. Jino halivunjiki siku hiyo. Linapata ufa mwembamba usioonekana, mwaka unaofuata ufa unashuka, na siku moja linapasuka akitafuna chapati laini. Yeye huilaumu chapati. Ufa ukifika kwenye mzizi, mara nyingi hakuna la kufanya ila kung'oa. Nunueni vifungua chupa viwili, kimoja kifungwe kamba kwenye kreti, kwa sababu kingine kitapotea. Mifupa ya kuku nayo, fyonza utakavyo, ila ile migumu usiipasue kwa meno.

Hatua ya 5: Muwa. Sisi wa Muhoroni na Mumias tumelelewa tukiambiwa kwamba muwa husafisha meno. Ni sukari ile ile inayokwenda kiwandani. Umenye kwa kisu, ukate vipande vidogo, ule kwa kikao kimoja, kisha usukutue makapi yatoke kwenye ufizi.

Hatua ya 6: Usiku. Ukiweza kufuata hatua moja tu, fuata hii. Usingizini mate hupungua sana, na sukari iliyobaki hukaa hadi asubuhi. Piga mswaki dakika mbili, na baada ya hapo ni maji tu. Watoto huwa wameshalala mkekani kabla ya mtu kuwakumbuka, kwa hiyo wapigishwe mara tu baada ya chakula cha jioni. Kila mmoja na mswaki wake, jamani.

Maswali ya wanachama

*Mama Junior, Kondele: Wangu ana miaka miwili. Atumie dawa yetu ya watu wazima?*
Kama ina floraidi ya kiwango nilichotaja, ndiyo, ila upake kiasi cha punje ya mchele tu. Kuanzia miaka mitatu, punje ya njegere. Na mswaki umshikie wewe mpaka afike miaka saba hivi.

*Mkulima, Bahati, Nakuru: Watoto wa huku wana meno ya kahawia kwa sababu ya maji ya kisima. Tukichemsha itasaidia?*
Hapana. Rangi hiyo huletwa na floraidi ikizidi mno kwenye maji. Kuchemsha hupunguza maji, floraidi hubaki, hivyo inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa huvuka hapo. Watoto walio chini ya miaka minane wapewe maji ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa. Na rangi hiyo usiisugue kwa mchanga. Imo ndani ya jino.

*Dereva, Webuye: Jino likianza kuuma siku yenyewe ya Krismasi, niweke aspirini juu yake?*
Usiweke kaka, itakuunguza ufizi. Meza paracetamol kama pakiti inavyoelekeza na usukutue kwa maji vuguvugu ya chumvi. Uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali usiku huo huo.

*Shangazi, Ahero: Baba mkwe ni wa zamani, alitolewa yale meno sita ya mbele ya chini kwa mila ya Wajaluo. Nyama choma anaiweza?*
Anaiweza ikikatwa ndogo ndogo, shangazi, ingawa samaki wa mchuzi atamfaa zaidi. Yaliyobaki yasafishwe vizuri pale yanapokutana na ufizi, kwa kuwa uzeeni mizizi hujitokeza na huoza upesi.

*Mwalimu, Mbale: Nyama ikikwama, kijiti cha kiberiti kinafaa?*
Kinachubua ufizi, mwalimu. Tumia uzi wa meno. Na ikiwa nyama inakwama mahali pale pale kila mara, huenda kuna tundu hapo. Nenda ukaangaliwe kabla shule hazijafunguliwa.