Kuliandaa gari lako kabla ya kumwonyesha mnunuzi

Mimi ni fundi wa magari hapa Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuitwa na watu wanaotaka kununua gari la mtu binafsi, ili nilikague kabla hawajatoa fedha zao. Nimeyaona magari mengi mazuri yakikataliwa, na mara nyingi sababu haikuwa ubovu mkubwa wa gari lenyewe. Ilikuwa ni namba ya injini isiyolingana na kadi ya usajili wa gari, au taa ya dashibodi iliyozimwa kwa hila, au mwenye gari aliyeulizwa swali rahisi akasitasita. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayeuza gari lake mwenyewe, bila kumkabidhi dalali, na ninataka alione gari hilo kwa jicho la fundi ambaye mnunuzi atamleta. Mifano mingi nimeichukua kwenye Toyota IST ya toleo la kwanza, lile la kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa kuwa limejaa mitaani kwetu na kila mnunuzi ana ndugu anayelifahamu.

Hatua ya kwanza: nyaraka kabla ya sabuni

Watu wengi huanza kwa kulipeleka gari kuoshwa. Mimi nakushauri uanze kwa kuitoa kadi ya gari kabatini na kwenda nayo kwenye gari lenyewe, boneti likiwa wazi. Soma namba ya chasisi kwenye kadi, kisha isome iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi, halafu fanya vivyo hivyo kwa namba ya injini.

Hapo kwenye injini ndipo mauzo mengi yanapokwama. Gari likichemsha na injini ikafa, wengi wetu huenda kwenye maduka ya vipuri ya mitaa ya Ilala au Gerezani, tukanunua injini iliyotumika kutoka Japani, tukaifunga, na maisha yakaendelea bila mtu kukumbuka kwamba kadi bado inaitaja injini ya zamani. Miaka minne baadaye gari linauzwa, fundi wa mnunuzi anainama na tochi, na ghafla gari halali linaonekana kama gari la wizi. Kama injini yako ilibadilishwa, tafuta risiti ya duka ulikoinunua na uwaone TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ili taarifa zirekebishwe kabla hujatangaza. Usisubiri mnunuzi aligundue jambo hili mwenyewe, kwa sababu baada ya hapo hataamini hata yale ya kweli utakayomweleza.

Kadi ikiwa imepotea, anza na taarifa ya upotevu kutoka polisi, kisha uombe kadi nyingine. Kama gari lilikuwa la mzazi aliyefariki, mwenye mamlaka ya kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na barua yake ya usimamizi lazima iwepo mezani, hata kama ndugu wote wamekubaliana kwa maneno. Kama kadi imeshikiliwa na benki au mkopeshaji, maliza deni kwanza au mweleze mnunuzi mapema, ili malipo yapitie kwa huyo mkopeshaji mkiwa wote pamoja.

Kisha angalia madeni ya gari. Faini za usalama barabarani hufuata namba ya gari, kwa hiyo gari lililopigwa tochi (kunaswa na kifaa cha kupima mwendo) mara kadhaa kwenye njia ya Morogoro linaweza kuwa na deni ambalo mwenyewe hakulijua. Angalia kwenye mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya gari, angalia pia ushuru wa maegesho, ulipe vyote na utunze risiti. Ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa mwaka 2017, hivyo hiyo haitakusumbua kwa miaka iliyofuata. Bima iwe hai, walau ile ndogo ya mtu wa tatu, kwa sababu mnunuzi atataka kuliendesha gari barabarani.

Hatua ya pili: likague gari likiwa baridi

Chagua asubuhi moja, kabla gari halijawashwa. Fundi mzuri atamwambia mnunuzi aje wakati injini imepoa, na atagusa boneti akifika. Akilikuta la moto atajiuliza ni kitu gani kilichokuwa kinafichwa. Chomoa kijiti cha oili, ukifute, ukirudishe, ukisome tena. Oili nyeusi ni ya kubadilishwa tu, lakini oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa ina maana maji yameingia, na hapo gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado baridi, kamwe si ikiwa ya moto, na uangalie kama kuna utando wa mafuta juu ya maji.

Sasa zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya oili, ya betri, ya mifuko ya hewa na ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga ukikanyaga breki) zote zinapaswa kuwaka, na nyingine zizimike baada ya muda mfupi au injini ikishawashwa. Nimewahi kukagua gari ambalo taa ya injini haikuwaka kabisa katika hatua hii. Nilipofungua dashibodi kwa ruhusa ya mwenyewe tulikuta kipande cha utepe mweusi wa gundi kimebandikwa juu ya taa. Kasoro iliyofichwa ilikuwa sensa ya oksijeni, kitu cha kubadilishwa ndani ya nusu saa. Mnunuzi aliondoka, na sikumzuia.

Washa injini na mtu asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, moshi mweusi ni petroli inayozidi, na moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea baada ya muda mfupi si tatizo. Sikiliza kama injini inamisi, yaani inakatakata badala ya kuunguruma sawasawa. Acha iungurume hadi feni ya rejeta iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili, huku AC ikiwa imezimwa, kisha washa AC uone kama mlio wa injini unabaki imara.

Ukiendesha, sikiliza gia. IST ya toleo hili ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida yenye gia nne, na inapaswa kupanda bila kushtua. Pita kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo kwa mwendo mdogo, vioo vikiwa wazi na redio imezimwa: shokapu, bushi na boljointi zilizochoka zitajieleza zenyewe. Andika kila unachokisikia. Orodha hiyo utaihitaji mara mbili, kwanza kwa kuamua matengenezo, kisha kwa kumweleza mnunuzi.

Hatua ya tatu: amua cha kutengeneza na cha kuacha

Hapa fedha nyingi hupotea bure. Kanuni ninayoitumia ni kwamba tengeneza kile ambacho mnunuzi atakigusa au kukisikia katika dakika kumi za kwanza, na ambacho gharama yake ni ndogo kuliko punguzo atakalolidai. Balbu zote, raba za waipa, honi, mkono wa mlango uliolegea, kioo cha dirisha kinachopanda kwa kusuasua, brekipedi zinazolia, betri isiyoweza kuwasha gari asubuhi: hivi vyote vitengeneze. Betri nzima iliyopumzika usiku kucha hupima kama volti 12.6, na injini ikiwaka kipimo kinapaswa kupanda hadi karibu 14. Kisipopanda, tatizo liko kwenye jenereta ya gari inayochaji betri, si kwenye betri. Badilisha oili ya injini na filta yake, utumie oili ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kuna watu humwaga oili nzito kupita kiasi ili kuficha mlio na moshi. Fundi akiuona uzito wake kwenye kijiti atajua, na gari lako litahesabiwa kuwa bovu kuliko lilivyo.

Gia boksi inayoshtua usiiguse kwa kubahatisha. Kubadilisha haidroliki (mafuta ya gia boksi) siku chache kabla ya kuuza gari ambalo haidroliki yake haijabadilishwa kwa miaka mingi kunaweza kuleta kasoro mpya mbele ya mnunuzi, na ukitia haidroliki isiyo ya aina yake mambo huharibika zaidi. Lipeleke kwa fundi wa gia apime, mwambie aandike alichokiona, na upunguze bei kwa uwazi.

Tairi nazo hutegemea. Soma tarakimu nne zilizo mwishoni mwa namba inayoanza na DOT ubavuni mwa tairi: 0819 ina maana tairi lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2019. Tairi lenye nyufa ubavuni ni hatari kwa mtu atakayelitumia kesho kuelekea Chalinze, na kwa hilo peke yake ningelibadilisha, hata kama hesabu ya fedha haikubali. Yakiwa mazima na kashata (mifereji ya tairi) bado ipo, yaache.

Kupiga rangi gari zima kwa ajili ya kuliuza ninakukataza. Rangi mpya kwenye gari la miaka ishirini humfanya fundi aanze kutafuta ajali. Atagonga bodi kwa kifundo cha kidole kusikia puti iliyojazwa kufunika mibonyeo, ataangalia kama kuna chembe za rangi kwenye raba za vioo, na ataangalia kama bolti za fenda zimewahi kufunguliwa. Mkwaruzo wa kweli wa bodaboda kwenye bampa haujawahi kumtia mtu hofu ya namna hiyo. Kwa magari yanayolala Kigamboni au Mbezi Beach, karibu na bahari, angalia kutu chini ya zulia la buti na kwenye kingo za milango, na uishughulikie palepale ilipo.

Hatua ya nne: usafi

Ondoa kila kitu chako kwenye gari, pamoja na karatasi za zamani zenye anwani yako. Osha ndani kwa kuondoa mazulia na kuyakausha juani kwa siku nzima, kwa sababu zulia linalobaki na unyevu hutoa harufu ya gari lililozama kwenye mafuriko, na mnunuzi wa Dar es Salaam anayajua mafuriko ya Jangwani. Usitundike manukato makali. Harufu kali humfanya mtu ainue zulia. Injini ifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Kuimwagia maji ya presha kunaweza kulowesha koili na soketi za umeme, injini ikaanza kumisi, na pia injini inayong'aa kupita kiasi humwambia fundi kwamba uvujaji wa oili umefutwa asubuhi ileile. Hakikisha jeki, spana ya magurudumu, tairi la akiba, pembetatu za tahadhari na kizima moto vipo mahali pake.

Hatua ya tano: bei na tangazo

Kwetu watu hupanga bei kwa herufi ya kwanza kati ya zile tatu za mwisho kwenye namba ya gari: hili ni namba C, lile ni namba D, lile ni E. Herufi hiyo inaeleza tu ni lini gari lilisajiliwa nchini. IST ya mwaka 2003 iliyoingia juzi inaweza kuwa na namba E, na ya mwaka 2006 iliyoingia mapema ikawa na C. Andika vyote viwili, mwaka wa kutengenezwa na herufi ya namba, pamoja na kilomita zilizosomeka siku ulipopiga picha. Kama unacho cheti cha usafirishaji kutoka Japani kinachoonyesha kilomita za wakati huo, kitaje, maana ni ushahidi ambao wauzaji wengi hawanao.

Picha zipigwe asubuhi au jioni, kwenye kivuli au mwanga laini: pande zote nne, dashibodi ikiwa imewashwa, viti, injini, buti, na ule mkwaruzo. Taja kasoro kwenye maandishi. Watakaokupigia simu watapungua, lakini watakaofika watakuwa wameshakubali mkwaruzo huo, na mazungumzo ya bei yataanza mbele zaidi.

Hatua ya sita: siku ya kuonyesha

Mpokee mahali penye watu, mchana, na usiwe peke yako. Kabla ya kuendesha omba kuona leseni ya atakayeshika usukani, panda naye, na ufunguo usibaki mikononi mwake mkishuka. Mwachie fundi wake nafasi; usimsimamie begani ukimjibia kila kitu. Akiuliza, mpe ile orodha yako pamoja na risiti za matengenezo. Mfikishie picha ya kadi kama anataka kuhakiki taarifa, lakini kadi halisi ibaki kwako hadi malipo yakamilike.

Hatua ya saba: malipo, mkataba na kuhamisha umiliki

Malipo yafanyike benki, mbele ya mhudumu. Ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia unaweza kughushiwa, na vivyo hivyo karatasi ya muamala; salio lako ulilolisoma mwenyewe kwa mhudumu ndilo la kuamini. Mkataba wa mauziano uandikwe na kushuhudiwa na wakili, uwe na majina na namba za vitambulisho vya pande zote, namba ya gari, chasisi na injini, bei, kilomita, kasoro zilizokubaliwa, tarehe, na saa ya makabidhiano. Saa ninaisisitiza kwa sababu gari likipigwa tochi au kugonga jioni ya siku hiyohiyo, ndiyo itakayoonyesha lilikuwa mikononi mwa nani.

Kisha nendeni TRA pamoja kwa ajili ya kuhamisha umiliki. Mnunuzi awe na TIN (namba ya mlipakodi) yake, na mkubaliane mapema nani analipa ada zipi. Wanunuzi wengine huomba waachiwe kadi ili "wahamishe baadaye", na wauzaji wengi hukubali kwa sababu fedha zimeshaingia. Usikubali. Gari lililobaki kwenye jina lako linaendelea kukuletea faini, na likitumika kwenye uhalifu polisi watabisha hodi kwako kwanza. Ijulishe pia kampuni ya bima kwamba gari si lako tena. Baada ya siku kadhaa mpigie mnunuzi, umwombe picha ya kadi mpya yenye jina lake, na uihifadhi pamoja na nakala yako ya mkataba.