Kubadilisha Kioo cha Kompyuta Mpakato: Fungua Kwanza, Nunua Baadaye

Kabla ya kugusa bisibisi, hakikisha kwamba kilichoharibika ni kioo na si kitu kingine. Unganisha kompyuta na televisheni au skrini ya nje kwa waya wa HDMI. Picha ikitokea huko ikiwa safi, ilhali kioo cha kompyuta kina mistari, madoa meusi yanayosambaa kama wino au nyufa zinazoonekana kwa macho, basi tatizo ni kioo chenyewe. Ikiwa hakuna ufa wowote na picha hupotea na kurudi kila unaposogeza kifuniko, shuku kwanza utepe wa nyaya unaopita kwenye bawaba, kwa sababu kioo kipya hakitaponya utepe uliokatika. Tumia nafasi hiyo ya skrini ya nje kunakili mafaili yako muhimu.

Maelezo haya yanahusu kompyuta za kawaida za kazi, kama vile ThinkPad na EliteBook zilizotumika ambazo zimejaa madukani kwetu, ambazo kioo chake kimezungukwa na fremu nyembamba ya plastiki inayobanduka. MacBook za miaka ya karibuni, pamoja na kompyuta nyingi za kugusa ambazo kioo cha juu kimegandishwa moja kwa moja na skrini, hazifai kufanyiwa kazi hii nyumbani. Hizo kwa kawaida hubadilishwa kifuniko kizima, na ni busara kumwachia fundi.

Zima kompyuta kabisa, chomoa chaja, kisha ondoa betri. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye hasara kubwa, kwa kuwa taa za nyuma ya kioo hupokea umeme wao kupitia plagi ileile inayobeba picha, na plagi hiyo ikichomolewa au kuchomekwa umeme ukiwapo, fyuzi ndogo kwenye bodi kuu inaweza kuungua. Hapo utakuwa na kioo kipya kizima kisichowaka. Ikiwa betri iko ndani, fungua mfuniko wa chini na uchomoe plagi yake. Kwenye ThinkPad nyingi unaweza badala yake kuingia katika BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa kubonyeza F1 wakati wa kuwasha, ukaenda sehemu ya Config, kisha Power, na kuchagua Disable Built-in Battery.

Bandika selotepu pana juu ya nyufa ili vipande visidondoke, na uvae miwani. Tazama pembe za fremu: vifuniko vidogo vya mpira au stika mara nyingi huficha skrubu. Baada ya kuzitoa, penyeza kadi ya plastiki iliyokwisha matumizi kati ya fremu na kioo, uanzie upande wa juu au wa pembeni, ukiachia vibanio kimoja baada ya kingine. Usitumie kisu. Eneo la bawaba na la kamera linahitaji subira zaidi, kwa maana plastiki huko ni nyembamba na waya za kamera hupita karibu.

Kioo chenyewe hushikiliwa na skrubu ndogo kwenye masikio ya chuma, au na mikanda ya gundi nyuma yake ambayo huvutwa polepole hadi itoke yote. Kikishaachia, kilaze kifudifudi juu ya kibodi uliyoitandikia kitambaa, bila kukivuta mbali, kwa kuwa utepe bado umeunganishwa. Bandua tepi iliyofunika plagi, inua kishikio chembamba cha chuma ikiwa kipo, kisha chomoa plagi kwa kuitelezesha sambamba na uso wa kioo, kamwe usiinyanyue kwenda juu.

Sasa ndipo wakati wa kununua, si kabla. Nyuma ya kioo kuna stika yenye namba ya modeli, kwa mfano N140HCA-EAC au LP140WF6, na tarakimu 140 katika namba hizo humaanisha inchi 14.0, kama 156 inavyomaanisha inchi 15.6. Ipige picha stika nzima, pamoja na plagi na kingo zote za kioo. Muuzaji wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue atakayekwambia kwamba kioo fulani "kinaingia zote" apewe namba hiyo kabla ya fedha, kwa sababu vioo viwili vya ukubwa uleule vinaweza kutofautiana kwa idadi ya pini za plagi (30 au 40), kwa mahali plagi ilipo, kwa kuwa na masikio au kutokuwa nayo, na kwa ubora wa picha: pikseli 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Modeli moja ya kompyuta huuzwa ikiwa na vioo vya aina kadhaa, kwa hiyo jina lililoandikwa kwenye kifuniko halitoshi.

Kioo kipya kikifika, chomeka plagi hadi izame sawasawa pande zote mbili, funga kishikio, rudisha tepi, kisha rudisha betri na uwashe kabla ya kufunga chochote. Fungua kurasa nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu ili kutafuta vidoa vilivyokufa, yaani pikseli zisizobadilika rangi, na upandishe na kushusha mwangaza. Usibandue karatasi ya kinga katika hatua hii. Wauzaji wengi hukataa kupokea kioo kilichobanduliwa. Ukiridhika, zima, ondoa betri tena, kaza kioo mahali pake bila kukiminya katikati, na ubonyeze fremu hadi kila kibanio kilie. Fremu ikigoma kukaa mahali pamoja, yawezekana utepe au waya wa kamera umebanwa chini yake: ifungue uupange upya, usiilazimishe. Rudisha betri, fungua na kufunga kifuniko polepole mara kadhaa huku kompyuta ikiwa imewashwa, na ujaribu kamera na maikrofoni.