Jinsi ya kushika mwendo Thika Road, Nairobi, usiku

Mimi ni dereva wa teksi, na usiku ndio hunitia hofu zaidi: barabara iko wazi, mguu unalemea mafuta bila wewe kujua. Kabla ya kuwasha gari, weka hesabu hii kichwani. Ukienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde gari linakula karibu mita 28. Kabla jicho halijaona mtu na mguu kufika breki, sekunde nzima imeshapita. Na mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki huwa mara nne, si mara mbili.

Kwa hivyo ukikaribia Roysambu au Githurai, ondoa mguu kwenye mafuta mapema. Daraja la waenda kwa miguu lipo, lakini watu bado hukatiza chini, wengine na nguo nyeusi.

Gari la mbele liachie sekunde tatu: chagua mlingoti wa taa, anza kuhesabu likishaupita, na wewe usiufikie kabla ya kumaliza tatu. Mvua ikinyesha, ziwe sita. Abiria akikuhimiza, mjibu kwa upole, "Tutafika, mama." Matatu ikikumulikia taa kwa nyuma, ipishe tu, hata kama kisheria mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa.