Kuosha hema na vifaa ukirudi Dar kutoka makorongo ya Natron

Vumbi la huko Ngare Sero na kandokando ya Ziwa Natron lina magadi. Likikutana na unyevu wa Dar linakula alumini, na mchanga wake unasaga zipu. Hivyo fungua begi siku hiyohiyo uliyofika.

Hatua ya 1: Kung'uta kabla ya maji. Geuza hema ndani nje, likung'ute, kisha pitisha brashi kavu. Vumbi likilowa mapema huwa tope na kuganda kwenye mishono.

Hatua ya 2: Zipu, na hapa usiharakishe. Sugua meno kwa mswaki mkavu pande zote mbili, kisha ingiza nywele za mswaki ndani ya kichwa cha zipu. Suuza, kausha, pitisha kipande cha mshumaa. Grisi na mafuta ya kula hapana, vinashika mchanga. Zipu ikifunguka nyuma ya kichwa, meno hayana kosa: kichwa kimetanuka. Kibane kwa koleo, kidogokidogo, upande mmoja kisha wa pili.

Hatua ya 3: Osha hema kwenye beseni kwa sponji, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche kidogo. Mashine, Jiki na sabuni ya unga vinaharibu utando unaozuia mvua. Suuza kwa maji ya bomba; visima vingi vya hapa mjini vina chumvi.

Hatua ya 4: Futa vijiti vya alumini kwa kitambaa chenye maji, kila kiungo, kisha vikaushe.

Hatua ya 5: Anika kivulini, halafu acha usiku kucha chini ya feni. Mikanda na mishono hukauka mwisho. Hifadhi hema likiwa limelegea ndani ya foronya ya pamba.

Maswali ya wanachama

Wakuu, hema langu linanata na linanuka kama matapishi. Nilioshe na nini?
Mkuu, huo ni utando wa poliyurethani, ule unaozuia mvua, umeoza kwa joto na unyevu. Kuosha hakuurudishi. Usugue utoke wote, upake mpya. Kama ni hema zima, gharama hailipi.

Chujio la maji je?
Sukuma maji safi kinyumenyume mpaka yapite bila kukaza, kisha liache likauke wazi.

Nimerudi wiki iliyopita, leo nina homa. Nisubiri?
Usisubiri, dada. Kapime malaria leo, na umwambie daktari ulilala wapi na kama uliumwa na kupe.