Namna ya Kuonyesha Kichekesho cha Mapenzi cha Enzi ya Filamu Bubu: Mfano wa Sherlock Jr.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuonyesha filamu bubu mbele ya watazamaji wa Kiswahili, iwe ukumbini au uani kwa shuka jeupe. Nimechagua Sherlock Jr. ya mchekeshaji Buster Keaton, iliyotoka Marekani mwaka 1924, kwa sababu ina dakika 45 hivi tu, na kwa sababu kijana anayependa humo ni mwendesha projekta, mwenzetu wa kazi.

Hatua ya 1: Kagua mwendo wa nakala. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, na kasi ilitofautiana, aghalabu kati ya picha 16 na 24 kwa sekunde. Nakala iliyokimbizwa huwafanya wapendanao warukeruke, na watu wakacheka mwendo badala ya kumcheka kijana anayehangaika kuushika mkono wa msichana pale kwenye kochi. Tazama wanavyotembea: hatua zikionekana kuwa na uzito, mwendo uko sawa.

Hatua ya 2: Tafsiri vibao vya maandishi vinavyotokea katikati ya picha, na usisahau namba. Kijana ananunua boksi la chokoleti la dola 1, kisha anaigeuza 1 kuwa 4 ili zawadi ionekane ya thamani. Mpinzani wake anaiba saa ya baba wa msichana, anaiweka rehani kwa dola 4, na kuitumbukiza stakabadhi katika mfuko wa kijana. Bei ya boksi na kiasi kilicho kwenye stakabadhi vinapolingana, asiye na hatia anafukuzwa nyumbani kwa mchumba. Mtazamaji wa nyuma asipoziona namba hizo hataelewa kwa nini kijana ameonewa, kwa hiyo msimulizi, yule anayewaeleza watazamaji filamu inapoendelea, azitaje kwa sauti, mara zote mbili.

Hatua ya 3: Tafuta mpiga kinanda wa kuisindikiza filamu kwa muziki, naye aitazame filamu angalau mara mbili kabla ya onyesho.

Hatua ya 4: Nyamaza katika tukio la mwisho. Wasimulizi wa vibanda vya video wa Dar es Salaam na Nairobi wamezoea kujaza kila nafasi kwa maneno, na ustadi wao nauheshimu sana, lakini hapa maneno huharibu. Msichana, aliyekwisha kugundua ukweli kwa juhudi zake mwenyewe, anakuja kuomba radhi katika chumba cha projekta. Kijana hajui afanye nini. Anachungulia dirishani, anamwona shujaa wa filamu anayoionyesha akiibusu mikono ya mpenzi wake, naye anaibusu. Shujaa anavisha pete, naye anavisha. Shujaa anabusu kwa muda mrefu, naye anagusa kidogo tu na kurudi nyuma. Nilipoisimulia filamu hii mara ya kwanza nilieleza kila tendo, na ukumbi ukanisikiliza mimi ukaacha kuyafuata macho ya kijana, ambayo ndiyo yanayobeba kicheko na huruma vyote viwili. Sasa humwomba hata mpiga kinanda apunguze, abakize noti chache.

Taa zisiwashwe mapema. Picha inakatika, shujaa anaonekana tena akiwa na watoto wachanga, na kijana wetu anakuna kichwa. Subiri mpaka kiza cha mwisho kiingie.